Mama Tangazo na Chiriku

Kabla hajaitwa Mama Tangazo, alikuwa mpiga pasi kama wengine katika chumba cha kufulia cha hospitali moja kubwa, na wenzake walimwita Dada tu, kwa sababu aliwazidi umri na kimo. Chumba chenyewe kilikuwa chini ya jengo la upasuaji. Upande mmoja zilipangwa mashine za kufulia, upande wa pili za kukaushia, na katikati ilikaa ile mashine ndefu ya kunyooshea mashuka, iliyomeza shuka bichi huku na kulitoa kule limenyooka na linafuka mvuke. Wafanyakazi waliiita rola. Kelele za mle ndani zingemfanya mgeni azibe masikio na kutafuta mlango. Waliozoea waliongea kwa mikono na kwa midomo iliyofunguliwa sana: kiganja wazi ni ngoja, ngumi ni zima, kidole kikizungushwa juu ya kichwa ni meneja anashuka ngazi, jifanyeni watu wa maana.

Mwenzake wa kazi, miaka yote hiyo, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mashavu ya kucheka aliyebandikwa jina la Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na habari za kila wodi. Alijua daktari yupi kanuniana na mkewe na muuguzi yupi anasoma usiku ili abadilishe kazi. Akikosa habari, aliimba. Mashuka hukunjwa na watu wawili wanaotazamana, kila mmoja ameshika pembe zake. Wanatengana, wanakutana, wanapeana pembe, wanatengana tena. Dada na Chiriku walikunja hivyo mpaka mikono yao ikawa haihitaji kuamriwa. Huku wakikunja, Chiriku alisimulia na Dada akacheka mpaka akashika mbavu, na siku nyingine walilazimika kulikunja upya shuka lililodondoka chini kwa ajili ya kicheko.

Walikuwa pete na kidole. Binti pekee wa Chiriku alimwita Dada "mama mkubwa", na hakuna aliyekumbuka tena kwamba hawakuzaliwa tumbo moja.

Kisha msimamizi wa zamani akastaafu. Meneja wa huduma, mwanamume mpole aliyependa mambo yake yaende kwa utaratibu, akamteua Dada. Chiriku ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza, na kwa kuwa rola ilikuwa imezimwa, vikasikika hadi jikoni.

Dada alipelekwa kwenye semina. Kule, mwezeshaji mmoja mwenye sauti ya kubembeleza aliwaeleza kwamba mawasiliano kazini yana ngazi zake, na kwamba jambo ambalo halikuandikwa ni sawa na jambo ambalo halikusemwa. Akawaambia pia kuwa kiongozi aliyepandishwa kutoka miongoni mwa wenzake ni lazima aweke mpaka mapema, la sivyo watamzoea. Dada aliyabeba yote kama alivyoyapokea. Si kwamba alivimba kichwa. Aliogopa. Hakuwahi kuongoza hata kikundi cha kuchangiana harusi, na siku aliyorudi kutoka semina alisikia watu wawili kwenye mashine za kukaushia, kabla hazijawashwa, wakinong'ona kwamba sasa bosi mdogo ni Chiriku, subirini muone nani atapewa zamu nzuri.

Maneno hayo yalimwingia. Kuanzia siku hiyo, mtu wa kwanza aliyeacha kuongea naye kazini ni Chiriku.

Alipewa ofisi ndogo ya kioo pembeni mwa chumba, na nje ya mlango wake akatundika ubao. Kila alichotaka kusema alikiandika na kukibandika. *Tangazo: ni marufuku kuanika soksi binafsi juu ya mabomba ya mvuke. Tangazo: vikombe vya chai visiwekwe juu ya mashuka safi. Tangazo: imebainika kuwa kuna mtu anajisaidia na sabuni ya hospitali, ajijue.* Karatasi zikawa nyingi mpaka zikaanza kupandana. Asubuhi moja walikuta mkono usiojulikana umeongeza karatasi nyingine chini kabisa: *Tangazo: matangazo yamezidi.* Wote walicheka siku nzima, na jina la Dada likaisha hapo. Akawa Mama Tangazo.

Naye mwenyewe hakuchukia sana. Aliona kazi inakwenda. Mashuka yalitoka kwa wakati, wodi hazikulalamika, na meneja alipopita alisimama mbele ya ubao, akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kilichomkera ni kimoja tu, nacho kilimkera moyoni, mahali ambapo hapaandikiwi tangazo. Chiriku alikuwa amebadilika.

Kwanza alinyamaza. Yule aliyekuwa haishiwi maneno akawa anakunja foronya peke yake, kichwa chini, na kuimba ameacha. Wenzake wakisimulia jambo la kuchekesha, alicheka baada ya wote kumaliza. Kwenye mkutano wa Jumatatu alikaa nyuma, akitikisa kichwa kukubali kila kitu, na mkutano ukiisha alifanya kinyume cha yaliyosemwa. Mama Tangazo akimwita kutoka mlangoni mwa ofisi, "Chiriku!", hageuki. Akimwita mara ya pili, hageuki. Watu waliokuwa karibu walimtazama bosi, kisha wakamtazama Chiriku, kisha wakainamisha macho na kufanya kazi kwa bidii ya ghafla. Hakuna linalomuuma msimamizi mpya kama kudharauliwa mbele za watu na mtu aliyekuwa akijua siri zake.

Mwenye stoo, ambaye kazi yake ilikuwa kugawa sabuni lakini aligawa na maneno, alikuja kumwekea chumvi kwenye kidonda. "Bosi, mimi sipendi kuingilia. Lakini yule mwenzako ametia pamba masikioni. Jana nimemwambia bosi anataka mashuka ya wodi ya wazazi yatangulie. Kanitazama, kacheka, kaendelea na yake. Mtu kama huyo ana lake jambo."

"Jambo gani?"

"Cheo, bosi. Alidhani kitakuwa chake."

Neno hilo lilimkaa Mama Tangazo. Jioni zile alizokuwa akishuka na Chiriku hadi kituoni sasa alibaki ofisini akipanga karatasi ambazo zingeweza kusubiri, hadi ahakikishe mwenzake ametangulia. Na Chiriku, kwa wiki za mwanzo, alikuwa akisimama kidogo getini akitazama nyuma. Baadaye aliacha kusimama.

Mara moja tu alikuja ofisini. Ilikuwa katikati ya zamu, siku ambayo mashine mbili zilikuwa zimeharibika na wodi ya upasuaji inapiga simu kila dakika. Chiriku alisukuma mlango wa kioo, akasimama akiwa anasugua viganja kwenye aproni.

"Dada," alisema, na sauti yake ilitoka kubwa kupita kiasi, kama mtu anayegomba. "Nina jambo nataka nikwambie. Sisi wawili."

Mama Tangazo alikuwa ameshika simu sikioni. Lile "Dada" lililopigwa kwa sauti ile mbele ya mlango ulio wazi lilimchoma. Hakuinua uso. Alionyesha kwa kalamu sanduku la maoni lililokuwa ukutani na kusema, akiwa ameinama kwenye karatasi zake, "Andika, utie mle. Nitalisoma."

Chiriku alilitazama lile sanduku. Kisha akatoka na kufunga mlango polepole. Hakuandika kitu.

Ajali ilitokea mwisho wa msimu wa mvua, mashuka yalipokuwa mengi na mabichi kuliko kawaida. Mwanamke mmoja waliyemwita Mama Mapacha alikuwa akilisha mashuka kwenye rola. Sare yake ilikuwa ya mikono mirefu, na kifungo cha mkono wa kulia kilikuwa kimekatika. Kitambaa kilishikwa na shuka, shuka likavutwa, mkono ukafuata. Alipiga kelele. Chiriku alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwenye kitufe chekundu cha kuzimia, ameipa rola mgongo, anakunja foronya. Mama Mapacha alimwita kwa jina lake. Alimwita tena. Chiriku alichukua foronya nyingine, akaikung'uta, akaikunja.

Mama Tangazo aliyaona yote kupitia kioo. Alisimama, kiti kikaanguka, akakimbia, lakini mtu wa mashine za kufulia ndiye aliyewahi: aliruka juu ya toroli na kukipiga kile kitufe kwa ngumi. Rola ikanyamaza. Mkono wa Mama Mapacha ulikuwa umeungua kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko.

Chiriku aligeuka kwa sababu sakafu ilikuwa imeacha kutetemeka. Alipoona kilichotokea alitupa foronya, akapiga magoti, akamkumbatia mwenzake kichwa na kulia kwa sauti. Mama Tangazo alimtazama. Aliwaza: unamlilia nani sasa? Ulikuwa wapi alipokuita?

Kikao cha nidhamu kilifanyika kwenye ukumbi mdogo wa ghorofa ya juu, chini ya feni kubwa iliyokuwa ikikwaruza. Meneja alikaa mwisho wa meza ndefu. Chiriku aliwekwa upande wa pili, mbali, mikono mapajani. Mama Tangazo ndiye aliyetakiwa kusoma maelezo na kuuliza maswali, na kwa kuwa alijua akimtazama usoni atashindwa, aliinamisha kichwa kwenye karatasi na kusoma kwa haraka, kwa ile sauti ya chini aliyofundishwa kwamba ndiyo ya heshima.

"Siku ya tukio ulikuwa karibu na kitufe cha kuzimia mashine?"

Chiriku alitikisa kichwa kukubali.

"Mwenzako alikuita. Ulimsikia?"

Chiriku alimtazama meneja, akamtazama mwandishi wa kikao, kisha akatikisa kichwa kukubali tena.

Hapo Mama Tangazo alitulia. Kalamu ilibaki hewani. Kama angeinua uso wakati ule angeona jinsi mwenzake alivyokuwa amemkodolea macho mdomoni, ameinama mbele, kama mtu anayejaribu kusoma bango la mbali. Hakuinua. "Ulisikia, ukaacha makusudi?" aliuliza, macho kwenye karatasi.

Chiriku akakubali kwa kichwa mara ya tatu, na safari hii akatabasamu kidogo, lile tabasamu la mtu anayetaka kuonyesha kwamba hana neno baya na mtu.

Tabasamu lile ndilo lililommaliza. Meneja, ambaye hakuwa mtu wa hasira, alifunga faili kwa kishindo. Chiriku akaachishwa kazi. Alipokabidhiwa barua aliisoma akiwa amesimama, akarudia kuisoma, akafungua mdomo, akaufunga. Halafu akatoka.

Zilipita siku kadhaa kabla hajaja mtu kuchukua vitu vyake. Aliyekuja ni binti yake, msichana mtu mzima aliyekuwa na kibanda chake cha ushonaji. Aliingia ofisini na mfuko mtupu, akasalimia kwa adabu, "Shikamoo, mama mkubwa," na kungoja apewe ufunguo wa kabati la mama yake.

Mama Tangazo aliitikia, akampa ufunguo, lakini hakuuachia mara moja. Alikuwa amelala vibaya siku zote zile, na sasa moyo ulimfurika.

"Mwambie mama yako mimi sikumfanyia ubaya," alisema. "Yeye ndiye aliyenidharau. Nilikuwa namwita mbele za watu, hageuki. Mtu niliyekula naye sahani moja! Naita, naita, yeye kimya, kama anaitwa na upepo."

Binti alimtazama. Alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

"Mama mkubwa," alisema polepole, "tangu lini mama akaitwa kwa nyuma akasikia?"

"Unasema nini?"

"Mama hasikii. Sikio la kushoto limekufa zamani. La kulia linashika sauti ikiwa mtu amemkabili, na hapo nusu anasikia kwa masikio, nusu kwa macho. Nyumbani tukitaka kumwita tunagonga meza ili atikisike." Sauti ilimbadilika. "Nilidhani wewe unajua. Wote tulidhani unajua, tukasema basi, kama mama mkubwa mwenyewe ameamua, tufanyeje."

"Mbona kwenye kikao alikubali? Niliuliza kama alisikia, akakubali!"

"Aliniambia aliulizwa kama alikuwepo. La pili akadhani anaulizwa kama Mama Mapacha ni rafiki yake. La tatu hakulipata kabisa. Alisema ulikuwa umeinama."

Mama Tangazo alikaa. Nje ya kioo, chumba kiliendelea na kazi yake. Watu wawili walikuwa wakikunja shuka, wanatengana, wanakutana. Ndipo alipoelewa ilivyowezekana asijue. Miaka yote ile walikuwa wametazamana. Chiriku alikuwa akiyachukua maneno yake kutoka mdomoni na mikononi, na huenda masikio yalikuwa yameanza kumtupa tangu wakati huo, kidogo kidogo, bila yeyote kati yao kushtuka. Yeye alipoondoka kwenye lile shuka na kwenda kukaa nyuma ya kioo, alikuwa ameondoka na nusu ya masikio ya mwenzake.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa Chiriku. Alibisha hodi mpaka vidole vikamuuma, halafu akajiona mjinga, akazunguka hadi dirishani. Chiriku alikuwa mezani, anachambua mchele kwenye sinia. Kivuli kilipoanguka juu ya sinia alishtuka, akainua kichwa. Hakutabasamu wala hakununa. Alikwenda kufungua mlango.

Walikaa wakikabiliana. Mama Tangazo alikuwa ameandaa maneno njiani, lakini alipoanza kuyasema machozi yakamtoka, akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Toa mkono," Chiriku alisema. "Ukiziba mdomo sikupati."

Akautoa. Akasema alichoweza kusema: kwamba hakujua, kwamba angejua asingekubali kikao kile, kwamba alidhani anadharauliwa. Ilibidi arudie baadhi ya maneno, na hakuna kitu kigumu kama kurudia kuomba radhi neno kwa neno, taratibu, huku unayemwomba anakutazama midomo.

Chiriku alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilikuja ofisini kwako," alisema kwa sauti ile iliyokuwa ikipanda na kushuka mahali pasipotakiwa. "Siku ile. Nilitaka nikwambie, halafu unitafutie hata kazi ya stoo, nisije nikamdhuru mtu. Unaona? Niliogopa hilo hilo. Ukanionyesha sanduku."

"Nilikuwa kwenye simu. Mashine zilikuwa..."

"Najua. Lakini ningeandika nini? 'Mimi ni kiziwi'? Sanduku linafunguliwa na mwenye stoo. Kabla hujalisoma wewe, lingekuwa limefika jikoni. Unakumbuka walivyomwondoa yule wa mgongo? Alisema tu kwamba mgongo unamuuma, mwezi haukuisha."

Mama Tangazo alikumbuka.

"Na mimi nina langu," Chiriku aliendelea. "Ningemwambia Mama Mapacha. Ningemwambia yeyote asimame pale badala yangu. Nilinyamaza, akaungua. Hilo ni langu, nalala nalo. Lakini wewe, Dada..." Aliisogeza sinia pembeni. "Kunyamaza kwangu mimi, Chiriku! Mimi ninayemaliza maneno ya watu! Nilinyamaza hukushtuka. Hukunivuta pembeni hata siku moja ukaniuliza, mwenzangu, una nini? Nilikuwa nakusubiri pale getini. Ungeniuliza tu, ningekwambia yote."

Mama Tangazo alikuwa amelijua tangu jana, lakini lilikuwa jambo jingine kulisikia kwa mdomo wa mwenyewe.

Alikwenda kwa meneja akamweleza. Meneja alikunja uso, akauliza kwa nini mambo hayo hayakuwemo kwenye maelezo yake ya maandishi. "Kwa sababu niliandika kila nilichokiona," alijibu, "na sikumuuliza mtu kitu." Meneja akasema faili limeshafungwa. Mama Tangazo akarudi siku ya pili, na ya tatu, akawa anakaa kwenye benchi la nje ya mlango wake hadi aonwe. Alimwambia hatasimamia chumba kile tena mpaka watu wapimwe masikio. Mwishowe daktari wa masikio aliteremka chini, akawapima wote. Waliokutwa wameanza kupoteza usikivu walikuwa wengi kuliko alivyotegemea mtu, naye Mama Tangazo mwenyewe alikuwa mmoja wao. Vikaletwa vizibo vya masikio, na kando ya rola ikafungwa kamba ndefu ambayo mtu yeyote, hata aliyeshikwa mkono mmoja, angeweza kuivuta ikazima.

Barua ya Chiriku ikafutwa. Alipelekewa nyingine ya kumrudisha kazini, safari hii kwenye stoo ya mashuka, mahali pa utulivu. Aliisoma, akashukuru, akakataa. Alisema amechoka kuingia mlango ule. Akaanza kumsaidia binti yake kibandani, akipinda nguo na kushona vifungo, kazi ambayo haikuhitaji masikio.

Kazini Mama Tangazo alijaribu kubadilika. Alikuwa akizunguka kwenye mashine, akisimama mbele ya mtu na kumuuliza hali yake. Wengine walifurahi. Wengine, hasa wale wapya, waliona taabu, wakadhani wanachunguzwa, wakajibu "salama, bosi" na kuendelea na kazi. Alikuwa amewazoesha ubao. Hawakujua wamfanyie nini akiwa mbele yao. Ilimbidi akubali kwamba kwa baadhi yao hatakuwa tena mtu wa kuambiwa jambo.

Lililomuuma zaidi lilikuwa lingine. Mama Mapacha, ambaye mkono wake ulipona ukabaki na ngozi iliyojikunja, alipoelezwa ukweli alikwenda kibandani siku hiyo hiyo. Alimshika Chiriku mabega, akamwambia mbele ya wateja, "Kumbe nilikuwa napiga kelele bure! Ningekurushia kiatu!" Chiriku akacheka huku analia, na yakaisha. Tangu hapo kila mapumziko ya wiki Mama Mapacha alikuwa pale, wameketi wanatazamana, mmoja anashona, mwingine anasimulia kwa mikono miwili, ule mzima na ule wenye kovu. Aliyeumizwa alisamehe kwa siku moja. Lakini Mama Mapacha alikuwa ameumizwa na mashine, si na rafiki.

Mama Tangazo naye alikwenda, si mara nyingi. Jumamosi moja alasiri, alipokuwa amebakiza muda mfupi astaafu, alifika akawakuta wanacheka mpaka binti ameacha cherehani na kujifuta machozi. Alisimama mlangoni. Chiriku alipomwona, kicheko kilipungua, kikaisha kwa adabu, kama redio inayopunguzwa mgeni akiingia. Alimkaribisha vizuri. Alimwondolea nguo kwenye kiti chenye mto, kile wanachokalia wateja, akakipangusa, akamsogezea.

"Karibu, karibu sana. Za nyumbani?"

"Nzuri. Mlikuwa mnacheka nini?" Mama Tangazo aliuliza, akimkabili, midomo wazi, neno moja moja.

"Ah, mambo ya hapa hapa tu," Chiriku alisema, akachukua sindano yake.

Mama Mapacha aliinuka kwenda kuchemsha chai. Mama Tangazo alikaa kwenye kile kiti cha wateja, akaweka mkoba mapajani, akauliza habari za biashara, akajibiwa kwa upole kila alichouliza.